Sauti na Maana: Nyimbo za Wakipsigis za Mwaka 1950

Mwaka 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet, katika nchi ya majani ya chai baina ya Kericho na Bomet, akanasa nyimbo za Wakipsigis zilizoimbwa kwa ala ya nyuzi iitwayo chepkong. Iliyovuma kupita zote ni "Chemirocha", iliyoimbwa na wasichana. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimesikika huko. Kwa kuwa Kikipsigis hakitenganishi konsonanti ghuna na zisizo ghuna, Jimmie alianza kwa "ch", na jina zima likapata sura ya kienyeji.

Maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 imezihifadhi sauti hizo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Katika miaka ya 2010 nakala zake zilirudishwa kwa Wakipsigis, na leo nyimbo hizo husikika kwa njia ya intaneti popote duniani. Hata hivyo, maelezo yanayofuatana nazo, yasemayo kwamba Chemirocha ni nusu mtu nusu paa, yaliandikwa kwa Kiingereza na mgeni. Sauti imerudi kwao. Ufafanuzi wake bado ni wa mkusanyaji.

Jambo hili latuhusu sisi wanalugha. Katika Kikipsigis, nomino ikiwa kiima hutofautiana na ile ile ikiwa yambwa kwa toni, nayo tahajia ya kawaida haionyeshi toni. Aidha, herufi tano hubebeshwa irabu zaidi ya tano. Kwa hiyo maandishi peke yake hupoteza sarufi, na sauti peke yake humfaa tu anayeijua lugha.

Yafaa basi kila wimbo uambatane na maneno yake yenye alama za toni, tafsiri ya Kiswahili, mahali ulipoimbwa, na ibinda, yaani rika, la mwimbaji. Rika kama Sawe au Korongoro humweleza Mkipsigis wakati kwa namna ambayo tarehe peke yake haielezi. Zaidi ya hayo, wenyeji ndio waamue kipi kitangazwe, kwani baadhi ya nyimbo za tumdo, yaani jando, si za kila sikio.

Huenda ikasemwa kuwa kazi hii ni ndefu, na kwamba kukusanya kwanza ndiko muhimu. Lakini msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1950 alizaliwa mwaka 1935. Wawezao kueleza walichokusudia walipomwimba Chemirocha, kama wangalipo, ni wakongwe. Maelezo yao yakikosa kuandikwa sasa, vizazi vijavyo vitaurithi wimbo pamoja na maelezo ya mgeni tu.