Santuri: Kagua sindano kabla ya bei

KIKWAJUNI, Unguja – Mwenye santuri za zamani anayetafuta mashine ya kuzipigia asikimbilie spika kubwa. Mtaji wake umo kwenye santuri, na sindano ndiyo huulinda au kuula.

Santuri za enzi ya Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, huzunguka mara 78 kwa dakika na mifereji yake ni mipana. Hutaka sindano nene, kiasi cha mara tatu ya ile ya santuri za plastiki za mizunguko 33. Sindano nyembamba huzidisha mikwaruzo. Sindano ya chuma ya gramafoni nayo huichimba santuri ya plastiki, thamani ikapotea.

Wanunuzi wanashauriwa kujaribu mashine kwa santuri wasiyoijali. Isiyo na mwendo wa 78 wala sindano ya kubadilisha haifai, hata ikiuzwa rahisi.