Ngomeni: Kwa Nini Roketi Zilirushwa Kutoka Pwani Yetu

Msomaji wa Mashewa anayetaka kuona mahali roketi ziliporushiwa hana haja ya kuwaza Florida, Marekani. Avuke mpaka wa Horohoro aingie Kenya, apite Mombasa na Malindi, afike Ngomeni. Huko baharini yamesimama majukwaa mawili ya chuma: San Marco, palipowekwa roketi, na Santa Rita, walipokaa waongozaji. Yaliunganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya maji, ili watu wawe mbali injini zinapowaka.

Mradi huo uliongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, kwa ushirikiano wa Italia na Marekani. Tarehe 26 Aprili 1967, roketi aina ya Scout ilipaa kutoka hapo ikiwa na setilaiti ya San Marco 2.

Kwa nini Ngomeni? Kwanza, dunia inazunguka. Kwenye ikweta ardhi huenda mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekezwa mashariki huanza safari na kasi hiyo bila kuichomea mafuta. Pili, setilaiti inayotakiwa kupita juu ya ikweta ikirushwa kutoka mbali hudai mafuta mengi ili kugeuzwa njia; Ngomeni iko karibu nyuzi 3 tu kusini. Tatu, mashariki yake ni Bahari ya Hindi, hivyo sehemu za roketi zinazoachwa njiani huangukia majini, si vijijini.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Ikaitwa Uhuru. Hewa huzizuia eksirei hizo zisifike ardhini, ndiyo maana chombo kilipaswa kupanda juu. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339, na vipimo vyake vikasaidia kuitambua Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002.

Roketi ya mwisho iliondoka 25 Machi 1988. Kituo cha nchi kavu kingali kikiwasiliana na setilaiti, hivyo anayetaka kukizuru aombe ruhusa mapema.

Walimu wa fizikia na jiografia, Mashewa nayo iko karibu nyuzi 5 kusini: kasi ya dunia inayosaidia roketi iko chini ya miguu ya wanafunzi wenu. Wafundisheni Ngomeni kabla ya Florida.