Mbeleko ya kompyuta

Mwaka 1993 kampuni ya Midway ya Chicago ilitoa NBA Jam, gemu ya mpira wa kikapu wa wawili kwa wawili iliyomeza sarafu za vijana wa Marekani kwa kasi ya ajabu. Msanifu wake mkuu, Mark Turmell, alikuwa shabiki lialia wa Detroit Pistons, timu ambayo Chicago Bulls walikuwa wameivua ubingwa mwaka 1991 kwa kuichapa mechi nne mfululizo. Basi Turmell akachomeka mistari michache kwenye programu: Bulls wakikutana na Pistons, na mechi ikafika sekunde za mwisho bado imebana, mipira ya Bulls igome kuingia. Miaka mingi baadaye alilisema hilo mwenyewe hadharani. Aliyechagua Bulls zama hizo, akaona mpira wa ushindi unagonga chuma na kutoka nje, pengine alijilaumu mwenyewe. Pengine alisema mashine ina njama na wenzake wakamcheka. Kumbe ilikuwa nayo.

Shutuma ya namna hiyo utaisikia hadi leo kila penye gemu za michezo. Kwenye mabanda ya gemu ya Dar es Salaam au Mombasa si sana, maana pale watu hulipia kuumizana wao kwa wao, na aliyefungwa anamtazama usoni aliyemfunga. Mwenye kinyongo ni yule anayecheza nyumbani peke yake. Anaongoza bao moja, zimeingia dakika za lala salama, mara timu ya kompyuta inaanza kugonga pasi bila kukosea hata moja, beki wake mwenyewe anaacha nafasi, krosi inashuka, kichwa, moja kwa moja. Pedi inakwenda ukutani. "Inabebwa hii!"

Inabebwa kweli? Jibu langu ni kwamba hakuna kompyuta ya gemu ya michezo isiyokuwa na mbeleko. Kinachotofautiana ni aina ya mbeleko, na nyingine mchezaji ana kila haki ya kuzikasirikia.

Tuanze na jambo ambalo watu husahau: kompyuta haitazami skrini. Wewe picha inakufikia machoni, ubongo unaisoma na kuamua, kisha kidole kinabonyeza. Safari hiyo huchukua takriban robo ya sekunde hata kwa mtu mwepesi. Programu haina safari hiyo. Mahali mpira ulipo, kasi yake, upande unaoelekea, hata kitufe ulichobonyeza sasa hivi, vyote ni namba zilizokwisha kuwemo kwenye kumbukumbu ya mashine. Gemu ikiwa inachora picha 60 kwa sekunde, robo ya sekunde ni picha 15. Mtengenezaji akitaka, beki wa kompyuta anaweza kuanza kujirusha kuzuia shuti kabla mguu wa mshambuliaji wako haujarudi nyuma. Ndiyo maana kazi kubwa ya mtengenezaji ni kuipunguzia mashine makali: aicheleweshe, aifiche baadhi ya habari, aipangie makosa ya kufanya.

Kwamba mashine isiyopunguzwa makali ni balaa, hilo limeonekana. Februari 2022 watafiti wa Sony waliandika katika jarida la Nature kuhusu Sophy, programu iliyojifunza yenyewe kuendesha magari ya mbio katika gemu ya Gran Turismo. Julai 2021 timu ya Sophy ilizidiwa pointi na madereva wa juu kabisa wa gemu hiyo; Oktoba mwaka huohuo walirudiana, na safari hii binadamu wakachapwa. Watafiti walijaribu hata kuichelewesha kwa milisekunde 250, yaani kuipa uzito wa mwitikio wa mwanadamu, na bado muda wake wa mzunguko ulikuwa bora kuliko wa watu. Kinachonivutia zaidi katika kazi ile ni shida waliyoipata kuifundisha adabu. Iliwabidi waipangie adhabu za kugonga wenzake, na wapime kwa uangalifu, kwa sababu ikiadhibiwa kidogo inageuka muhuni wa barabarani, na ikiadhibiwa sana inakuwa mwoga asiyethubutu kumpita mtu.

Gemu nyingi tunazocheza hazina kitu kama Sophy ndani yake. Zina kanuni zilizoandikwa na watu, na kanuni zina matundu. Mchezaji akicheza wiki kadhaa anagundua kwamba ukikimbia pembeni hadi mstari wa mwisho na kurudisha pasi nyuma, beki wa kompyuta hajui la kufanya. Kuanzia hapo ni sita bila, saba bila, na gemu imekwisha utamu. Kuandika akili bora ni ghali na kunachukua miezi. Kuongeza namba ni kazi ya mchana mmoja. Ndipo viwango vya ugumu vinapotengenezwa kwa njia ya mkato: mshambuliaji wa kompyuta anaongezwa kasi, pasi zake zinapunguziwa makosa, kipa wake anapewa mikono mirefu, wachezaji wake hawachoki. Kiwango cha juu kinaweza kumgeuza beki wa daraja la tatu awe mkimbiaji wa kumfukuzia Mbappé na kumkamata.

Halafu kuna raba bendi. Huu ndio mtindo wa kumwongeza nguvu aliye nyuma na kumpunguza aliye mbele ili mashindano yabaki yamebana. Waliocheza Mario Kart wanaujua vizuri: unaendesha mizunguko miwili bila kosa, unatazama nyuma, yule uliyemwacha mbali yuko begani kwako. NBA Jam nayo ilikuwa nao, mbali na ule ushabiki wa Turmell, ila matoleo yake ya nyumbani yaliuweka wazi kwenye menyu, na asiyeutaka aliuzima. Hapo ndipo ninapotenganisha mbeleko na mbeleko. Ukiniambia mapema kwamba aliye nyuma ataongezwa kasi, hiyo ni kanuni ya mchezo na nitaipangia mbinu. Usiponiambia, juhudi zangu za dakika 80 umezifuta kimyakimya, na kama mwanzo wa mechi haukuwa na uzito wowote ulipaswa kunishauri nije dakika ya 81.

Hata hivyo, si kila bao la dakika za lala salama ni hila. Katika gemu ya mpira wa miguu, wewe humwongozi mtu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Wenzake kumi wanaongozwa na programu ileile inayowaongoza wapinzani. Kompyuta, kwa upande wake, inawasogeza kumi na mmoja wote kwa pamoja, na haihitaji kubonyeza kitufe kuhama kutoka kwa beki wa kulia kwenda kwa beki wa kati. Huo si wizi, ni umbo lenyewe la gemu, lakini uwiano haupo tangu filimbi ya kwanza. Timu inayofungwa ikipeleka watu mbele, kama kocha yeyote angefanya, kuhama kwako kunakuwa kwingi, unachelewa kumchukua mtu anayehusika, na unamkuta beki wako amevutwa nje ya nafasi. Amevutwa na nani? Na programu inayomwongoza yeye, wala si lazima iwe imekula njama na upande wa pili. Ongeza kwamba wachezaji wako wamechoka kwa sababu umeshikilia kitufe cha kukimbia tangu dakika ya kwanza. Kompyuta mara nyingi hukimbia pale tu inapobidi.

Na runinga, tafadhali. Runinga bapa nyingi huichakata picha kwanza ili ionekane nzuri, na kazi hiyo inaweza kuichelewesha kwa makumi ya milisekunde, wakati mwingine zaidi. Mwanadamu mwenzako mnayetazama naye skrini moja anacheleweshwa kama wewe, kwa hiyo hamlioni tatizo. Kompyuta haicheleweshwi. Kwenye menyu ya runinga huwa kuna hali ya gemu inayozima uchakataji huo. Nimeona watu wakiibadili gemu nzima kwa kitufe hicho kimoja.

Sehemu nyingine ya hasira tunaileta wenyewe. Mwaka 2010, katika mkutano wa watengenezaji wa gemu huko San Francisco, Sid Meier, baba wa gemu za Civilization, alieleza walichokiona kwa wachezaji wao. Mtu akiambiwa jeshi lake lina nguvu tatu kwa moja, alitarajia kushinda kila mara. Akishindwa analalamika kwamba hesabu ni mbovu, ingawa kwa hesabu hiyohiyo alipaswa kushindwa mara moja kati ya nne. Lakini yeye akiwa dhaifu, moja kwa tatu, na akashinda, hakuna aliyelalamika. Aliona ni ujanja wake. Watengenezaji wakaamua kuzipinda namba zifuate hisia za mchezaji. Yaani mara nyingi udanganyifu uliomo kwenye gemu unakuegemea wewe, ila mbeleko uliyobebwa nayo mwenyewe huisikii mgongoni.

Shaka inakuwa nzito zaidi pesa zikiingia. Gemu za mpira za kampuni ya EA, zilizoitwa FIFA hadi mwaka 2023 zilipobadilishwa jina kuwa EA Sports FC, zina sehemu iitwayo Ultimate Team ambamo mtu anaweza kununua pakiti za wachezaji kwa pesa halisi bila kujua atakayemkuta ndani. Mwaka 2018 EA walipata hataza Marekani ya mfumo wa kurekebisha ugumu wa gemu wakati mtu anacheza. Mwaka mmoja nyuma watafiti wake walikuwa wamechapisha andiko lenye lengo wazi: ugumu upangwe ili mchezaji asiondoke mapema. Walikuwa wameupima mfumo huo katika gemu ya simu ya mafumbo, ushiriki wa wachezaji ukapanda kwa hadi asilimia 9, na mapato hayakusogea. Novemba 2020 wachezaji watatu waliishtaki kampuni hiyo huko California, wakidai mfumo huo unatumika kwenye FIFA ili washindwe, kisha wanunue pakiti zaidi. EA walikana. Mwaka 2021 walalamikaji waliiondoa kesi. Kampuni ikasema imewaonyesha taarifa za kiufundi na kuwakutanisha na wahandisi wake.

Mimi nayachukulia maelezo hayo kuwa ya kweli hadi nionyeshwe vingine. Ila siwashangai wanaobaki na shaka. Kampuni inayomiliki hataza ya kupinda ugumu, na inayouza pakiti zisizojulikana zina nini, haiwezi kulalamika watu wakiihesabia kila mpira unaogonga mwamba.

Anayecheza na kompyuta nyumbani hana haja ya kusubiri mahakama. Gemu kubwa za EA za mpira, zikiwemo zile za mpira wa Kimarekani za Madden, zina slaida kwenye mipangilio, na kwenye gemu ya soka utazikuta mara mbili: safu moja yako, nyingine ya kompyuta, kila slaida ikianzia 50. Ukizisoma utaona mbeleko yote imeanikwa: kasi ya kukimbia, makosa ya pasi, makosa ya mashuti, uwezo wa kipa. Wengi hushusha kiwango cha ugumu mara moja, wakapata mpinzani mjinga, wakachoka naye. Afadhali ubaki kwenye kiwango kile kinachokutesa, kisha upandishe makosa ya pasi ya kompyuta kidogokidogo, tano tano, hadi uone kiungo wake anakosea pasi ya mita 20 akiwa amebanwa. Kasi iguse mwisho, tena pande zote mbili kwa pamoja, maana ukiipunguzia kompyuta peke yake mechi zinageuka mbio za winga wako kila shambulizi. Cheza mechi kadhaa kabla ya kubadili slaida ya pili, la sivyo hutajua ni ipi iliyofanya kazi. Kwenye mechi za mtandaoni slaida hizi hufungwa, na huko mpinzani ni mtu mwenye pedi kama wewe.