Moto wa Murile na Moto wa Prometheus

Kisasili, kama kinavyofahamika katika fasihi simulizi, ni hadithi inayoeleza asili ya jambo kubwa, liwe moto, kifo au umbo la mlima, na ambayo jamii iliyoisimulia iliiamini. Mtoto wa Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, huweza kuwa nacho kabla hajasikia jina la Zeus, mfalme wa miungu ya Wagiriki, kwa kuwa Wachaga wa huko husimulia kwamba Mawenzi, kilele kimojawapo cha mlima huo, ana meno na nyufa kutokana na kipigo cha Kibo, kilele mwenzake, aliyechoshwa na jirani asiyekoma kuja kuomba moto. Mwalimu anayeanza na orodha ya miungu kumi na miwili ya Olimpo ili ikaririwe huupoteza mtaji huo bure.

Hadithi ya Kichaga inayofaa zaidi kuanzia somo ni ya Murile, aliyekalia kigoda cha baba yake, akakiamuru kipae, akafika kwa Mfalme wa Mwezi, ambako alikuta watu wakila vyakula vibichi kwa kutoujua moto. Akapekecha kijiti mpaka kikawaka, akawapikia, naye akalipwa ng'ombe na mbuzi. Prometheus, wa ukoo wa Watitani, yaani miungu waliotawala kabla ya Zeus, aliuiba moto wa Zeus kwa kuuficha ndani ya bua la shamari, akawapa wanadamu, na kwa ajili hiyo akafungwa minyororo mwambani, tai akimla ini mchana nalo likiota upya usiku. Zikiwekwa pamoja, darasa huona lenyewe kwamba kwa Wachaga moto ni ujuzi unaolipwa mifugo, ilhali kwa Wagiriki ni mali ya mtawala.

Ugumu halisi uko kwingine. Wachaga wa kale walimwomba Mungu mmoja, Ruwa, hivyo ukoo wa Zeus, wenye wivu na ndoa zisizotulia, huwashangaza watoto kuliko urefu wa mlima wao, Olimpo, ambao kwa mita 2,917 haufiki hata nusu ya Kibo yenye mita 5,895. Na mzazi mwenye wasiwasi aelezwe mapema kwamba miungu hao husomwa, hawaabudiwi.

Linabaki suala la lawama kwa wanawake, linalostahili kipindi kizima: Murile, baada ya kurejea nyumbani, alididimia ardhini kwa sababu mama yake alimpikia kwa siri mafuta ya fahali aliyeapa kutomla, na Wagiriki nao walimtwika Pandora, aliyefunua mtungi, mabaya yote ya dunia.