Uliumia usoni zamani? Soma hapa kabla ya kuchoma sindano ya makunyanzi

Mama mmoja alisubiri mpaka kliniki ya watoto ikaisha. Mtoto alikuwa ameshapimwa uzito na kuchanjwa, kwa hiyo nilijua swali ni lake mwenyewe. Akasogeza mtandio, nikaona kovu linaloanzia kwenye kope ya jicho la kushoto, linakata nyusi na kuishia kwenye paji la uso.

"Nesi, hii ni bodaboda, mwaka wa nne sasa. Kuna saluni wananiambia wana sindano ya kunyoosha uso. Nikichoma haitanidhuru?"

Nilimwomba anitazame bila kukunja uso. Nyusi ya kushoto ilikuwa juu kuliko ya kulia, na mistari ya paji la uso ilikuwa mingi upande huohuo. Nikaweka kidole juu ya nyusi hiyo, nikaibana taratibu isipande, nikamwambia afumbue macho. Jicho la kulia lilifumbuka lote. La kushoto lilifumbuka nusu, kope ikabaki imefunika mboni.

Jaribio hilo nilifundishwa nilipopitia wodi ya macho, na siku hiyo lilitueleza jambo ambalo mama huyu hakulijua. Msuli unaoinua kope yake uliumia kwenye ajali. Kwa miaka minne amekuwa akiliinua jicho kwa kutumia paji la uso, na hayo makunyanzi aliyotaka kuyaondoa yalitokana na kazi hiyo. Kama angechomwa hapo, paji la uso lingelegea, nyusi ingeshuka, na jicho lingefunikwa kwa miezi kama mitatu hivi. Na ana mtoto wa kubeba mgongoni na barabara ya kuvuka kila asubuhi.

Kwa hiyo, kama uliwahi kuumia usoni na jeraha likapona, hiyo peke yake haikuzuii kuchoma sindano hizi. Ila uso wako haufanani tena na uso ule ambao mchomaji alijifunzia, na anayekuchoma bila kujua hilo anabahatisha.

Sindano zenyewe ni za aina mbili

Watu huziita zote Botox, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Ya kwanza hulegeza msuli. Inatengenezwa kwa sumu ya bakteria aitwaye botulinamu, yuleyule ambaye akiingia kwenye chakula cha kopo kilichoharibika huweza kumpooza mtu. Usiogope jina la sumu, kwa sababu kinachotumika ni kiasi kidogo sana, kilichosafishwa na kupimwa. Huzuia amri inayotoka kwenye mshipa wa fahamu isifike kwenye msuli. Ilianza kama dawa ya macho: Marekani iliidhinishwa mwaka 1989 kwa makengeza na kwa macho yanayojifumba yenyewe, na mistari ya katikati ya nyusi ikafuata mwaka 2002. Huanza kufanya kazi baada ya siku chache, hukamilika katika wiki mbili, na huisha baada ya miezi 3 hadi 4.

Ya pili hujaza. Ni kama jeli inayowekwa chini ya ngozi ili kuinua sehemu iliyobonyea, na mara nyingi ni asidi ya hayaluroniki. Hii hailegezi chochote. Hatari yake kubwa ni kuingia ndani ya mshipa wa damu na kuuziba.

Wala hakuna kati ya hizi mbili iliyo dawa ya kufuta kovu. Ya kwanza hupunguza mistari inayotokea unapokunja uso. Ya pili mtaalamu anaweza kuitumia kuinua kovu lililobonyea, lakini si kila kovu. Kama kinachokukera ni kovu lenyewe, muone daktari wa ngozi au wa upasuaji kwanza, maana huenda unataka kulipia kitu ambacho hukihitaji.

Jeraha la zamani linabadilisha nini

La kwanza ni hilo la misuli niliyoeleza juu. Kope iliyolegea, nyusi zisizolingana, mdomo unaovutika upande mmoja: yote haya ni dalili kwamba msuli fulani unafanya kazi ya mwingine. Maelezo ya dawa hii yenyewe humtaka mchomaji awe mwangalifu kwa mtu mwenye uso usiolingana, kope inayoshuka, kovu la kina au aliyefanyiwa upasuaji wa uso.

La pili ni mishipa ya fahamu. Mshipa uliokatika ukiota tena huenda polepole, kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo safari ya kutoka karibu na sikio hadi kwenye nyusi ni ya miezi kadhaa. Anayechomwa katikati ya safari hiyo hataweza kujua kama udhaifu alionao ni wa jeraha au wa sindano. Subiri uso utulie. Wakati mwingine mshipa huota ukaenda kusiko kwake, ndiyo maana utamwona mtu akicheka jicho linajifumba. Kwa mtu kama huyo, na kwa mwenye upande mmoja uliolegea, sindano ya botulinamu inaweza hata kuwa tiba: daktari hulegeza kidogo upande wenye nguvu ili pande mbili zikaribiane. Lakini hiyo ni kazi ya daktari anayejua mishipa ya uso. Akikosea upande, mgonjwa hushindwa kufumba jicho.

Ganzi nayo isemwe. Aliyevunjika mfupa wa shavu mara nyingi hubaki na ganzi chini ya jicho na kwenye mdomo wa juu. Sindano ya kujaza ikiziba mshipa wa damu, maumivu makali ndiyo huweza kumshtua mtu mapema. Penye ganzi huenda usiyasikie.

Kisha kuna kovu. Chini ya kovu nyama imeshikana, na mishipa ya damu inaweza kuwa imevutwa mahali pasipo pake, au imebanwa isiweze kukwepa sindano. Mwenye mabati na skrubu za kuunganishia mfupa aseme pia. Chuma chenyewe hakigombani na dawa ya kulegeza msuli, lakini sindano ya kujaza karibu na kitu kigeni inaweza kuleta maambukizi. Vivyo hivyo kwa aliyebaki na vipande vya kioo cha gari chini ya ngozi, na kwa yule ambaye makovu yake huvimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Na kama umetumia mkorogo kwa muda mrefu, sema bila kuona haya. Mingi ina dawa zinazofanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi nyembamba huvilia damu upesi.

Sema ulivyoumia, hata kama inauma kusema

Wengine hawakuanguka na bodaboda. Wapo waliopigwa nyumbani, na wakifika kwa mtaalamu husema "niligonga mlango". Nalielewa hilo kabisa. Lakini ngumi iliyopasua mfupa unaozunguka jicho si sawa na mlango uliochubua ngozi, na daktari akijua ni ngumi atajua pa kukagua. Unaweza kusema tu "nilipigwa hapa, mwaka fulani, mfupa ulivunjika", bila kumtaja aliyekupiga. Kama bado yupo na bado anapiga, tuambie sisi wauguzi, au nenda dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi. Makunyanzi yanaweza kusubiri.

Beba picha yako ya kabla ya ajali, hata ile ndogo ya kitambulisho. Inamwonyesha daktari ni kipi ulizaliwa nacho na ni kipi kilikuja na jeraha. Beba na karatasi za hospitali kama zipo.

Nani anakuchoma

Mimi ni muuguzi, nachoma sindano kila siku, na nakwambia kuchoma si kazi ngumu. Kazi ni kujua pa kutochoma na la kufanya mambo yakiharibika. Hapa Tanzania, uliza kama anayekuchoma ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kama dawa yake imesajiliwa na TMDA. Muombe akuonyeshe kichupa. Kwa kawaida dawa hii hutunzwa kwenye jokofu. Ikitolewa kwenye mkoba haijulikani imekaa humo siku ngapi. Dawa bandia zipo duniani kote: mwaka 2024 Marekani ilitoa tahadhari baada ya watu kuugua kwa sindano za namna hiyo, na wengine walilazwa. Kwa sindano za kujaza, uliza kama wana hayaluronidasi hapohapo. Ndiyo huyeyusha jeli ya asidi ya hayaluroniki ikiziba mshipa. Asiyeijua hiyo, toka.

Aliyekuuliza bei na siku utakayokuja, lakini hajakuambia upandishe nyusi, ufumbe macho na utabasamu, huyo hajakukagua.

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, acha kwanza. Usalama wake kwa mtoto haujathibitishwa. Usichomwe ukiwa na jipu au kidonda mahali hapo, wala kama una ugonjwa wa misuli kuchoka upesi. Na kama unachomwa jentamisini kwa maambukizi yoyote, mwambie daktari, kwa sababu huongeza nguvu ya dawa ya kulegeza msuli.

Baada ya sindano, uvimbe mdogo na wekundu ni kawaida. Kope ikishuka, rudi kwa daktari. Kwa kawaida hupanda yenyewe baada ya wiki kadhaa. Jicho likishindwa kufumba, wahi kliniki ya macho kabla halijakauka na kupata kidonda. Lakini ukiona ngozi imekuwa nyeupe au ina mabaka ya zambarau, maumivu makali, au macho yameingia giza, nenda hospitali dakika hiyohiyo. Shida ya kumeza, kuongea au kupumua, au kuona vitu viwili viwili, hata ikija siku kadhaa baadaye, nayo ni ya dharura. Piga picha ya kichupa kabla hujachomwa, ili ukifika huko useme ni dawa gani.

Yule mama nilimwandikia rufaa kwa daktari wa macho. Kope iliyolegea inaweza kurekebishwa kwa upasuaji, na ikiinuka, paji la uso hupumzika.