Dhahabu Dhidi ya Saratani

Dhahabu ya Migori tunaijua kwa pete na herini tu, sivyo? Mama mdogo alipotoka Kisumu kwenda Nairobi kuchomwa miale ya saratani, hata ngozi isiyo na ugonjwa iliungua. Nikajiuliza, mbona miale haichagui adui?

Mwaka 2004 huko Marekani, Hainfeld na wenzake waliwadunga panya wenye uvimbe chembe za dhahabu za nanomita 1.9, zikakusanyika zaidi uvimbeni. Kisha wakawapiga eksirei. Dhahabu hunasa miale kuliko nyama, ikarusha elektroni zinazoua seli za jirani. Baada ya mwaka, asilimia 86 ya panya hao walikuwa hai; waliopigwa eksirei pekee, asilimia 20.

Kwa binadamu bado yachunguzwa. Basi tusikimbilie kumeza dhahabu! Ukigusa uvimbe, nenda hospitali mapema.