Setilaiti Haioni Mafuta, Yaona Umbo la Nchi

Wakulima wa Bongwe, yasemwa kuwa kuna mitambo angani inayoona mafuta chini ya mashamba. Habari hii ni nusu kweli, na yafaa kila mwenye shamba aijue nusu ya pili kabla hajauza hata eka moja.

Mwaka 1972 Marekani ilirusha Landsat ya kwanza, setilaiti ya kupiga picha za nchi kavu. Landsat za sasa hupita kiasi cha kilometa 705 juu yetu. Picha zake hazipenyi mwamba. Mtaalamu huzitazama kama mkulima atazamavyo shamba baada ya mvua: maji yamepita wapi, na kwa nini? Mito ikizunguka mahali kwa duara, huenda mwamba wa chini umeinuka mfano wa kofia. Vilima vikisimama kwa mstari ulionyooka, huenda pana ufa mkubwa ardhini. Mafuta na gesi ni mepesi kuliko maji, basi hupanda ndani ya mwamba mpaka yazuiwe na tabaka isiyopitisha kitu. Hapo ndipo penye mtego.

Lakini picha huonyesha mahali pa kuanzia tu. Baadaye hufuata vipimo vya ndege, kisha vipimo vya mitetemo ya ardhi, na mwisho keekee. Keekee peke yake ndiyo itoayo ushahidi.

Tazameni mfano wa Kenya. Kisima cha kwanza cha kutafuta mafuta kilichimbwa Walu mwaka 1960. Mafuta mengi yalipatikana mwaka 2012, huko Ngamia-1, Turkana: miaka 52 baadaye. Mwaka 2014 kisima cha Sunbird-1, baharini nje ya pwani yetu ya kusini, kilionyesha mafuta na gesi, lakini hayakutosha biashara.

Tena jueni sheria. Kwa Katiba ya 2010, mafuta ya ardhini ni mali ya umma, si ya mwenye hati. Sheria ya Petroli ya 2019 yaipa kaunti asilimia 20 ya fungu la Serikali, na wenyeji asilimia 5. Mwenye shamba likichukuliwa hustahili fidia.

Basi mtu akija na picha ya setilaiti akitaka mtie sahihi upesi, mwambieni aonyeshe kibali, kisha mkaulize afisi ya ardhi. Hati ikae sandukuni, na minazi ipaliliwe.